Ukipotea, Kaa Chini

Zimeni hiyo televisheni, wanangu, na mmoja wenu afunge dirisha la upande wa barabara, maana malori ya Waiyaki Way leo yana sauti kubwa kuliko yangu na nikishaanza sitaki kurudi nyuma. Kuria, wewe ndiwe mkubwa, vuta kigoda ukae karibu na sikio langu zuri. Debra, weka hiyo chupa chini. Najua wewe ni muuguzi, lakini dawa haitafanya leo kile ilichoshindwa kufanya mwezi mzima, na mimi sijalalamika. Namalwa, mke wa mwanangu, usisimame mlangoni na mwiko mkononi utadhani umekuja kuazima chumvi, ingia ndani, chungu kitajichemkia. Na wewe Ciru, mjukuu wangu, panda hapa kitandani uniwekee mikono juu ya nyayo, zimepoa tangu jana na blanketi halisaidii.

Nimewaita nigawe kilicho changu, na chenyewe si kingi. Ni shamba hili la Kinoo mnalolijua, lenye vyumba vya wapangaji huku juu, na ule mteremko wenye miti unaoshuka mpaka kijitoni. Najua mmeshaongea. Nimezeeka, sijaziba masikio. Kuria anataka kujenga gorofa, Debra anataka kila mtu apimiwe kipande chake, na nyote wawili mnauona ule mteremko kuwa kichaka cha mwanamke mzee kisichoingiza kitu. Kabla sijasema utakuwa wa nani, itabidi mnisikilize kwanza juu ya mtu ambaye jina lake halijawahi kutajwa katika nyumba hii. Hata baba yenu, Ndungu, alikufa bila kulisikia. Kila nilipofungua mdomo kulitaja, nilijikuta nimesema jambo jingine, nimeuliza kama kuku wamefungiwa, nimeita mtu aje anywe chai.

Nilikuwa na mdogo wangu. Aliitwa Mukonyo.

Kwetu kulikuwa huko juu, kupita Limuru, pale mashamba yalipokuwa yanaishia na msitu kuanza. Katika miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa Mau Mau, baba yetu alichukuliwa akapelekwa kizuizini, na asubuhi askari walipokuja kuchoma nyumba za ukingo ule, mama aliuona moshi wa majirani kabla zamu yetu haijafika, akatushika mikono, mimi huku na Mukonyo huku, akaingia nasi msituni. Hakwenda kupigana. Alikwenda ili sisi tuishi. Baba yake alikuwa mtu wa mizinga ya nyuki, na mama alikuwa amekua akimfuata nyuma katika msitu huo huo, kwa hiyo pale ambapo mwanamke mwingine angeona giza na fisi, yeye aliona kuni, mboga, kamba na mahali pa kulala.

Akatufundisha. Hakutukalisha chini kama mwalimu wa shule, alitufundisha huku tukitembea na huku tukiogopa. Kuni za wakati wa mvua haziokotwi chini, unavunja tawi lililokufa likiwa bado limeshikilia mti wake. Mti wa mugio unauchuna ganda lake ungali mbichi, unasokota kamba ya kumfunga hata ng'ombe. Thabai inawasha mikono mpaka ikutane na maji ya moto, na baada ya hapo inakuwa mboga tamu kuliko sukuma wiki. Moto uwe mdogo, chini ya mianzi iliyosongamana, ili moshi upotelee kwenye majani kabla ndege za Wazungu hazijauona. Ukilala, jaza majani makavu ndani ya nguo zako, kifuani, mgongoni, mpaka uvimbe kama gunia. Akatufundisha pia mluzi wetu wa kuitana, mara mbili kwa ufupi, kisha mmoja mrefu unaoteremka kama mtu anayeketi, na hakuna aliyeujua isipokuwa sisi watatu. Mukonyo alikuwa ameng'oka jino la mbele, basi wake ulitoka na upepo ndani yake, na sisi tulikuwa tukimcheka.

Lakini kulikuwa na neno moja ambalo mama alilirudia kila tulipoamka, akituinamia uso kwa uso, akituambia tulirudie. "Ukijua umepotea, kaa chini. Hapo hapo. Usinitafute. Mimi ndiye nitakayekutafuta."

Mimi nililishika neno hilo. Mukonyo alilisema vizuri kuliko mimi, ila hakuwa mtoto wa kukaa. Ukimweka hapa, umegeuka, yuko kule anaongea na konokono.

Ciru, usilie sasa. Bado sijafika.

Asubuhi moja ndege zilikuja chini kuliko siku zote na mabomu yakaanza kuanguka upande wetu wa bonde. Ardhi iliruka. Miti ilikuwa ikianguka bila mtu kuikata. Mama alitukamata mikono tukakimbia, na mahali fulani kwenye zile mbio, katika udongo na moshi, mkono wa Mukonyo ulimchomoka. Kelele zilipokwisha tulikuwa wawili. Na ukungu ukashuka, ule wa huko juu, unaokaa juu ya uso wako kama kitambaa kilicholowa, hata mama niliyemshika nguo nilikuwa namwona kiuno tu.

Kisha tukasikia mluzi. Ulikuwa wake, wenye upepo. Mama akaujibu. Ukaja tena, kutoka upande mwingine kabisa, kwa sababu mabonde yale huichukua sauti na kuitupa yanakotaka. Mama akapiga kelele, yeye aliyekuwa akitukataza hata kukohoa, akaita kwa nguvu zake zote, "Mukonyo, kaa chini! Kaa hapo, tunakuja!" Lakini mtoto alikuwa ametusikia, na mtoto akimsikia mama yake atakaaje? Alikuwa anatembea. Tuliusikia mluzi ukitembea. Ulikuja karibu, nikadhani nikinyoosha mkono nitamgusa, kisha ukapita, ukashuka kuelekea kwenye maji, ukawa mdogo, ukawa mdogo zaidi, mpaka ikawa hatujui kama tunausikia au tunaukumbuka.

Hatukumpata. Mama alimtafuta mpaka ngozi ya miguu ikamwisha. Alikuwa akitafuta kwa utaratibu, mti kwa mti, akivunja vijiti kuweka alama, na mimi nikimfuata, na njaa ilikuwa imetuingia vibaya kwa sababu mama hakuwa akikaa mahali pamoja kupika. Tulikuwa tukilala chini ya mianzi tumbo tupu. Mwishowe askari walitukamata kando ya mto, wakatuteremsha mpaka kijiji kile kilichozungushiwa mtaro na miti iliyochongwa, na humo mama akaishi kama mtu anayesikiliza kitu kilicho nje ya ua. Hakulitaja jina la Mukonyo tena. Homa ilipomchukua, mimi nilikuwa msichana wa kuolewa tayari, akaniita karibu, nikadhani atalisema. Aliniuliza tu kama nje kuna ukungu.

Debra, nilowanishe midomo. Inatosha. Asante mama.

Basi nikaja kuolewa hapa Kinoo, nikawazaa, nikalima, nikauza mboga zangu kwa Wahindi wa Parklands nyumba kwa nyumba, na mkaniona mama kama mama wengine. Lakini kila Julai ukungu ulipoteremka kutoka Limuru ukajaa kwenye mteremko wetu, niliusikia. Mara mbili kwa ufupi, kisha mrefu. Nilikuwa nikitoka na ndoo ili baba yenu adhani nakwenda kuteka maji, nakaa chini kwenye nyasi zilizolowa, nasikiliza mtoto akipita. Hakuwahi kusimama. Miaka yote ile mimi nilikuwa nazeeka na yeye alikuwa bado anatembea, na alikuwa bado na pengo.

Kuria, unaikumbuka siku ile mjini? Nilikuwa nimekuja kukuona ofisini kwako, kule Kenyatta Avenue, ukanipandisha kwa lifti nikakaa kwenye kile kiti chako kinachozunguka. Niliposhuka kurudi nyumbani, kulikuwa na baridi ya Julai na mawingu yamekalia vichwa vya majengo, na yale majengo marefu, sijui kama mmewahi kugundua, yanaitupa sauti vile vile kama bonde. Nikausikia hapo, katikati ya watu wote wale. Ulipita upande wa kulia kwangu ukaishia kule kwenye jengo la kumbukumbu za taifa. Na mimi nikafanya nilichofundishwa, nikakaa chini kando ya barabara na kikapu changu mapajani. Mtu akakuita, ukaja unakimbia na tai yako shingoni.

"Mama, inuka," ukaniambia kwa sauti ya chini. "Watu wanatuangalia. Watadhani unaomba."

Nikakwambia nimechoka. Ukaniinua kwa upole, sikukulaumu siku ile na sikulaumu leo. Nakuambia tu ulichokuwa umekiona.

Ciru alipopata akili ya kushika kitu mkononi, nikaanza kumfundisha. Mlikuwa mkimleta kila Jumamosi kutoka kwenye zile fleti zenu za Parklands, ambako mtoto anajua maji yanatoka ukutani na joto linatoka ukutani, nami nikamshusha mteremkoni. Nilikuwa nimeupanda kwa makusudi, miaka mingi, mugio, mianzi, thabai kwenye kivuli, nduma, yale magimbi, kando ya maji. Mliniuliza kwa nini sipandi kabichi za kuuza. Nilikuwa nimejipandia kipande cha mama yangu.

Kuria ulipokuja ukamkuta ana malengelenge viganjani kwa kusugua vijiti, ulikasirika. Mnakumbuka wote.

"Mama, huyu mtoto nimempeleka shule nzuri," ukasema. "Hii mambo ya msitu ni ya zamani. Nani ataishi msituni tena? Ataenda kuambia wenzake nini?"

"Atawaambia ameshindwa kuwasha moto," nikakujibu, "kwa sababu bado hajaweza."

Ukaapa hutamleta tena. Na aliyekuzuia ni huyu hapa, Namalwa, aliyekuwa ameketi pale kwenye jiwe akichambua mboga. "Baba Ciru, mwache mtoto ajifunze," alisema hivyo tu, bila kuinua kichwa. Halafu akanyanyuka akaenda kwenye mianzi yangu, akaikagua chini, akauliza, "Mama, hizi zinazochipuka huwa mnazipika vipi?"

Nikamwambia mwanzi hauliwi.

"Kwetu upande wa Elgon tunakula. Tunazikausha kwa moshi, tunaziloweka, tunapika na karanga. Zinaitwa malewa." Akakata chipukizi moja, akalimenya mpaka likawa jeupe, akanionyesha.

Nilishika kile kitu, nikakigeuza-geuza mkononi. Mkadhani nimeona kinyaa. Wanangu, sisi tulilala njaa chini ya mianzi. Mama yangu, aliyejua yote yale, hilo hakulijua, hakuna aliyekuwa amemwambia, na mimi nilikuwa nikitazama juu usiku wa njaa na chakula kinaota kando ya sikio langu. Tangu siku ile, Namalwa, nilikuheshimu kwa namna ambayo sikujua kuisema. Ciru akaendelea kuja, na akawa na walimu wawili.

Sasa sogea Ciru, nikuone, kwa sababu hili ni lako.

Ilikuwa likizo ya Aprili, mwaka wa elfu mbili na tano. Watu wa ushirika wa kanisa la kina Kuria walikwenda kula chakula cha mchana kule ukingoni mwa msitu, huko huko juu, na mimi niliposikia ni wapi nilitaka kusema kitu nikakosa namna ya kukieleza. Kuria akataka kumwonyesha mtoto maporomoko ya maji. Wakawaacha wenzao na sufuria zao, wakaingia. Ukungu ukashuka. Kuria akateleza kwenye korongo, kifundo cha mguu kikavunjika, na ile simu yake aliyokuwa akiinyanyua juu juu haikushika mtandao. Mwanaume mzima alianza kutetemeka kabla ya jioni, na akamwambia mtoto, usikatae Kuria, wewe mwenyewe ndiwe uliyenisimulia, "Fuata maji, Ciru. Shuka na mto utatokea barabarani, ulete watu."

"Baba, tukae hapa," mtoto akasema.

"Nimekwambia nenda!"

Akanitaja mimi, bibi yake: "Shosho alisema tukae."

Akakaa. Lakini hakukaa bure. Alivunja mianzi iliyokauka akaiegemeza kwenye gogo, akaezeka majani juu, akamburuta babake chini yake. Akamfunga mguu kwa vipande vya mwanzi na kamba ya mugio aliyoisokota palepale. Akamjaza majani makavu ndani ya shati na suruali mpaka vifungo vikakaribia kukatika. Moto ulikataa. Alisugua mpaka viganja vikachanika na moto ukakataa, mvua ilikuwa imepenya kila kitu, na aliponiambia hivyo alilia kana kwamba amenikosea. Mtoto wa miaka kumi na mmoja. Daktari alisema bila yale majani Kuria hangefika asubuhi.

Na sasa hili nililowaitia.

Mwanga ulipokuwa unaisha, Ciru alisikia mluzi. Akadhani ni watu wa kanisa. Akapiga kelele, mluzi ukamjibu, ukaja karibu, akasikia na hatua, nyepesi, zikivunja vijiti kidogo. Kisha zikapita. Zilikuwa zinashuka kwenye maji. Kuria naye alisikia, maana alimwambia, "Ni wao! Wafuate kabla hawajaenda!" Na mjukuu wangu hakufuata. Alisimama chini ya kile kibanda chake akaita ndani ya ukungu, kwa ile sauti yake kali ya kugombeza kuku:

"Wewe! Kaa chini! Kaa hapo hapo, usitembee! Watakuja!"

Hatua zikasimama.

Alinieleza haya hospitalini kule Parklands, babake akiwa kitandani amefungwa plasta, sisi tumesimama kwenye ile veranda inayotazama hekalu la Wahindu. Alisema hazikupungua polepole, zilisimama, na akasikia kitu kidogo kikiketi kwenye majani. Basi mpaka kulipokucha akawa anaongea nacho. Alikielekeza kujaza majani ndani ya nguo. Alikiambia kisiende kwenye maji. Alikiambia shosho yake ni mtu wa Kinoo na anajua msitu huu wote. Askari wa misitu walipowapata asubuhi, neno lake la kwanza lilikuwa, "Na yule mtoto mwingine?" Hakukuwa na mtoto mwingine aliyepotea. Walishuka wakatafuta hata hivyo, wakapanda wakasema hakuna kitu.

Kuria, wewe ulisema ni swara. Labda. Uliniambia hivyo mara moja ukaangalia pembeni, na sijakuuliza tena.

Nikamwomba Ciru anipigie ule mluzi. Akaupiga pale verandani, wauguzi wakageuka. Mara mbili kwa ufupi, kisha mrefu unaoteremka. Sikuwahi kumfundisha. Kila kitu kingine nilimfundisha, huo sikuweza. Kisha akasema, "Lakini shosho, wake haukuwa hivi kabisa. Ulikuwa na upepo."

Nilishika kile chuma cha veranda na sikuachilia mpaka Ciru uliponiletea kiti.

Sijausikia tena. Julai ile ukungu ulikuja ukajaa mteremko mpaka nisione kijito, nikatoka, nikakaa, nikasikiliza. Kulikuwa na vyura na magari. Julai iliyofuata vile vile. Mngedhani nitafurahi, na nilimshukuru Mungu, nilimshukuru kwa machozi, lakini nilimlilia upya pia, kwa sababu kwa miaka hamsini nilikuwa na mdogo wangu anayepita karibu na nyumba, na sasa ameketi mahali, na mimi ndiye niliyebaki natembea.

Ngoja nivute pumzi.

Sasa gawio. Vyumba vya wapangaji na kiwanja cha huku juu ni vyenu wawili, Kuria na Debra, nusu kwa nusu, mtu asimzidi mwenziwe hata hatua moja ya mguu. Kuria jenga gorofa yako ukitaka, ila usimzibie dada yako jua. Nyumba hii ninamolala ni ya Debra, maana kule mtaa wa Satellite unalipa kodi na mimi sitaki binti yangu azeekee kwa mwenye nyumba. Ule mteremko wa chini, kutoka kwenye mti wa mwisho wa parachichi mpaka majini, ni wa Ciru. Namalwa atamshikia mpaka awe mtu mzima. Hauuzwi, haukodishwi, haujengwi. Mtoto yeyote anayetaka kujifunza ashuke, awe wa kwetu au wa mpangaji, na msimfungie lango. Nawe Ciru, huo si urithi wa kukaa nao. Ufundishe. Fundisha na yale ya upande wa kina mamako, na kama kuna bibi wa kabila lolote huko mtaani anayejua jani tusilolijua, mpelekee kilo ya sukari umwombe akuonyeshe. Mama yangu alikosa mtu mmoja tu wa kumwambia juu ya mwanzi.

Kisha kuna jambo lililo kati yenu wanawake wawili. Debra, usiangalie sakafu. Ile Januari ya mwaka jana, ya ghasia za uchaguzi, maduka yote yamefungwa, barabara imewekwa mawe, wewe umetembea na watoto kutoka Satellite kupitia Uthiru, Kuria na wake wamekimbilia hapa hapa, tukawa tumejaa nyumba hii bila mafuta ya taa wala maziwa. Tulikula nini? Tulikula mteremko. Tulikula nduma na thabai na malewa, tukanywa chemchemi. Na wale vijana walipokuja langoni kuuliza mke wa Kuria ni wa wapi, mimi nilisimama nikawaambia ni wa kwangu. Lakini nyuma yangu, Debra, kwa woga, ulisema, "Si angeenda kwao tu?" Namalwa alikuwa anapanda na mtungi wa maji. Alisikia. Aliutua mtungi, akawasha moto, akawapikia watoto wako. Tangu siku ile mnasalimiana kama watu wa benki. Sitaki kuwaacha hivyo. Simwambii yeyote apige magoti. Debra, kesho asubuhi shuka naye kijitoni, mpokee mtungi, na yale mengine mtayaona mkiwa njiani.

Nizikeni kando ya baba yenu. Jeneza liwe la mbao za kawaida. Na kwenye msalaba muandike majina mawili, langu na la Mukonyo wa mama yetu, kwa sababu hana mahali popote ambapo jina lake limeandikwa. Mchungaji akiuliza, mwambieni mlivyosikia. Kuria, jina hilo ulipeleke wewe kwa fundi. Wewe mwenyewe. Ndiyo. Nimekuona unaitikia.

Njooni karibu sasa. Karibu zaidi, shingo hainigeuki. Mama alinitemea mate kifuani kunibariki siku anaaga, nami nitawatemea ninyi, kanisa litanisamehe. Mdomo umekauka... subirini. Haya. Kuria, uwe na nyumba isiyokosa watu. Debra, mikono yako iponye hata wasiokushukuru. Namalwa, mwanangu, mwanangu kabisa, Mungu akupe kuzeeka hapa bila mtu kukuuliza swali langoni. Ciru. Wewe... wewe kua tu. Kua mrefu. Mungu awaone mkitoka na awaone mkirudi, na pale asipowaonyesha njia, awape uvumilivu.

Nimemaliza. Nilidhani ni maneno mengi zaidi.

Debra, mkono wako umekuwa wa baridi. Hapana... ni wangu. Ni wangu ndio baridi.

Nendeni mkale. Namalwa, chungu kinaungua, nasikia harufu. Nendeni, mimi nimelala vizuri.